Machungwa ya Kijani

Machungwa niliyokulia nayo Muheza yalikuwa ya kijani. Hata yakiiva ganda halikubadilika sana: mabaka ya manjano hapa na pale, na mara nyingi masizi meusi yanayoachwa na vidugamba. Usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuliondolea ganda rangi ya kijani, ingawa ndani tunda limekwisha kuwa tamu. Sisi watoto hayo hatukuyajua. Tulijua kupima kwa mkono tu: chungwa zito kuliko lionekanavyo, lenye ganda jembamba, hilo lina maji. Babu alikuwa na michungwa yake nyuma ya nyumba, aliyoibebesha mwenyewe juu ya milimau. Msimu ulipofika malori yalikuja kupakia ya Dar es Salaam, machungwa yamelundikwa wazi bila boksi wala karatasi. Lori likiharibika njiani, mzigo ulioza humo humo.

Epo kwetu lilikuwa tunda la mgonjwa. Ukilazwa ndipo uletewe, pamoja na juisi ya dukani, na ndugu zako wadogo wakusogelee kitandani kwa upendo wa ghafla. Nilipohamia Dar nikalikuta kwenye kila foleni. Vijana wanalifuta kwa kitambaa, wanalipitisha dirishani mwa daladala, linang'aa. Taratibu, bila mtu kuamua, nyumbani kwangu matunda yakagawanyika: epo la Afrika Kusini na chungwa la nje lenye rangi kali yakawa ya wageni na ya kuweka mezani, chungwa la kijani likabaki la kukamulia juisi. Wanangu walifika mahali wakalisukuma kando. "Mama, haya bado mabichi."

Kisha ikaja ile video ya WhatsApp, nadhani kila mtu aliipata: mkono unakwangua epo kwa kisu, unga mweupe unadondoka, sauti inasema tunalishwa plastiki. Dada zangu waliituma kwenye kundi la familia zaidi ya mara moja. Mimi nilijibiwa na boksi tupu. Jirani yangu anauza matunda kwa jumla, na alinipa boksi la machungwa ya nje niwekee vitabu. Pembeni, kwa herufi ndogo, liliandikwa kilichopakwa: imazalili na thiabendazoli, ambazo ni dawa za kuzuia ukungu, kisha nta za E904 na E914. Maelezo hayo yako kwenye boksi, na boksi hubaki kwa muuzaji wa jumla. Sisi tunaonunua matunda matano kwenye genge hatulioni.

Nikayafuatilia. Epo huota na nta yake mwenyewe, na sehemu yake hutoka linapooshwa kwenye kiwanda cha kufungashia. Ndipo linapakwa nyingine, nyembamba mno, lisipoteze maji na kunyauka. E904 ni sheleki, utomvu wa mdudu anayefugwa zaidi India na Thailand. Nta nyingine inayopakwa ni kanauba, ya majani ya mti wa jamii ya mnazi wa Brazili. Vyote viwili vimo pia kwenye peremende na juu ya vidonge vya hospitali. Kwa hiyo video ilitia chumvi: ule unga wa kwenye epo kwa kawaida ni nta inayolika. Ila E914 kweli ni jamaa wa plastiki, polithini iliyooksidishwa, na inaruhusiwa kwenye matunda ambayo inadhaniwa ganda lake halitaliwa. Walioruhusu hawakufika kwetu, ambako ganda la chungwa linachemshwa kwenye chai.

Kilichonikera zaidi ni umri. Huko Afrika Kusini, Grabouw na Ceres kwenye jimbo la Cape Magharibi, maepo huchumwa kati ya Februari na Mei. Mengine hufungiwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, yakalala humo miezi mingi. Epo unalomnunulia mtoto Desemba huenda lilitoka mtini kabla ya Pasaka. Halina sumu kwa sababu hiyo, na sitaki kuwatisha watu, lakini mng'aro unakuficha jambo ambalo lile ganda la Muheza, kwa ubaya wake wote, halikuwahi kunificha.

Basi nikaenda nyumbani Muheza, nikarudi na miche ya michungwa miguuni mwangu ndani ya basi. Kiwanja chetu Kimara, hapa Dar, ni kidogo na kina mteremko. Nikaongeza mpera, mndimu na mipapai, ambayo ina tabia ya kukufurahisha kwa majani mazuri hadi siku inayotoa maua ndipo ujue ni madume. Mpera ndio ulionifundisha kwa nini wakulima hupuliza dawa. Kuna inzi wa matunda aliyetoka Asia, akaonekana mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 2003, kisha akaenea kasi. Hutoboa pera na kutaga mayai ndani; nje tunda zuri, ukilipasua funza wanacheza. Kupuliza nilikataa, maana ingekuwa nimelihamishia lile boksi uani. Tunavalisha mapera mifuko ya kaki yakiwa machanga, na yaliyodondoka tunayafukia chini kabisa. Vidukari vya mchungwa tunavinyunyizia maji ya sabuni. Bado tunapoteza mengi.

Mchungwa ulipozaa, wanangu waliyaangalia yale makijani kila siku wakisubiri yageuke rangi. Bibi yao alipokuja kututembelea alichuma moja, akalipima mkononi, akalimenya kwa kisu ganda likashuka kama utepe mmoja, akawapa na chumvi na pilipili. Tangu hapo hawasubiri rangi.

Epo bado tunanunua, tena mimi nalimenya. Machungwa ya nje, msimu wetu ukianza, hayaingii ndani ya nyumba yangu.

Ukitaka kupanda mchungwa wako, usipande mbegu, itakuchelewesha miaka mingi. Nunua mche uliobebeshwa, utazame pale ulipoungwa pawe juu ya udongo, na kila chipukizi linalotoka chini ya hapo ulikate, maana hilo ni la mlimau. Na kama huna hata mteremko wa Kimara, katikati ya mwaka msimamishe muuza machungwa wa baiskeli, umwombe yale ya kijani.