Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ukitoka mjini Uvira kwa barabara ya kaskazini, milima inakuwa mkono wako wa kushoto na bonde la Ruzizi mkono wa kulia. Unapita Kiliba, unapita Sange, kisha yakubidi kuiacha tambarare na kupanda. Ndivyo tulivyofanya sisi tulipokwenda Rurambo. Tulianza safari jua halijachomoza, maana njia ile haimhurumii mwenye kuchelewa. Chini tuliacha mpunga na mihogo. Juu tukakuta migomba, maharagwe, na ng'ombe wakila majani mafupi ya mlimani. Tulipogeuka nyuma tuliona tambarare yote imetandazwa kama mkeka: mto Ruzizi ukijipinda, ng'ambo yake Burundi, na upande wa kusini ziwa Tanganika liking'aa.

Mzee mmoja alitukaribisha kivulini kwake, akatupa maji ya kunywa. Baada ya kujuliana hali akatuuliza: «Ninyi waalimu mnaosoma karatasi, niambieni, mpaka wa hifadhi wapita wapi?»

Ndugu wasomaji, swali hilo si dogo. Serikali yenyewe ilihitaji karibu miaka kumi kulijibu.

Nyuma ya Rurambo, kuelekea kusini-magharibi, milima huzidi kuinuka mpaka safu ya Itombwe, ambayo kilele chake, Mohi, kina mita 3,475. Humo mna msitu wa ajabu. Mna gorila na sokwe. Mna bundi aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1951, asipatikane tena mikononi mwao mpaka mwaka 1996. Mna chura mdogo aliyedhaniwa ametoweka tangu mwaka 1950, naye akaonekana tena mwaka 2011. Mito ya Elila na Ulindi huanzia huko ikiteremka kuelekea Lualaba. Nani asikiaye habari hizo asifikirie wageni, hoteli na fedha?

Mwezi Oktoba mwaka 2006 waziri mwenye kuangalia mazingira alitia sahihi amri ya kuufanya Itombwe kuwa hifadhi. Nia ilikuwa njema, lakini wenyeji hawakuulizwa. Amri iliandikwa Kinshasa, nayo ilizungushia mpaka mpana nchi yenye vijiji, mashamba, malisho na makaburi ya wazee. Watu walipopata habari walishtuka. Mkulima alijiuliza kama bado atalima shamba la baba yake. Mwindaji na Mbuti wa msituni walijiuliza kama wamekuwa wezi katika nchi waliyozaliwa. Wengi waliikataa hifadhi, wala si kwa sababu waliuchukia msitu.

Hapo kazi ilianzwa upya. Wakuu wa jimbo, watumishi wa hifadhi, vyama vya wenyeji na watemi walikaa pamoja. Wazee walitaja majina ya vijito na vilima, vijana wakayaandika katika ramani, nchi ikagawanywa sehemu tatu: sehemu ya kulindwa kabisa, sehemu ya kutumiwa kwa kiasi, na sehemu ya watu kukaa na kuendelea. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu, yenye mabishano mengi. Lakini mwaka 2016 serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilitia sahihi mipaka mipya, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 5,732 hivi. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 nayo yaagiza kwamba wananchi waulizwe kabla ya kuanzisha hifadhi mpya.

Labda mtu atasema: afadhali msitu uachwe bila mpaka wowote. Sisi hatukubali. Mwezi Aprili mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika mjini Uvira, na makumi ya watu wakafa. Maji hushuka toka milimani, na mlima uliovuliwa miti hauwezi kuyazuia. Mtu wa ziwani na mtu wa mlimani wana shauri moja, hata kama hawajuani.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Katika nchi ya Kenya, ndani ya hifadhi ya Maasai Mara, hoteli ya mahema ishirini ya kampuni ya Ritz-Carlton ilifunguliwa mwezi Agosti 2025, karibu na mto Sand. Mmasai mmoja msomi, Meitamei Olol Dapash, alikwenda mahakamani kule Narok, akidai kwamba hoteli inaziba njia ya nyumbu, na kwamba watu hawakushauriwa ipasavyo. Serikali ya kaunti ya Narok na watumishi wa wanyama walikana, wakasema mahali pale si njia ya nyumbu. Mwishoni mwa mwaka kesi ikaondolewa. Sisi si mahakimu wa jambo hilo. Ila twaona kwamba mabishano yalipamba moto nyumba ikiwa imekwisha simama, na hapo kila shauri huwa gumu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame. Siku mtu atakapoleta barazani mpango wa nyumba za wageni, wazazi waulize kwa adabu bila woga: Ardhi hii ni ya nani, na itarudi lini? Maji ya kijito yatamfikia nani? Watoto wetu watapata kazi gani? Nani ametia sahihi kwa niaba yetu? Nanyi wanafunzi mliojifunza kusoma ramani, wasomeeni wazee wenu kabla hawajaweka kidole gumba.

Kweli, ramani peke yake haileti amani. Tangu mwaka 2017 vita vimewafukuza wengi katika milima hii, navyo vilifika mpaka mjini Uvira mwezi Desemba 2025. Lakini wakimbizi wanaporudi, swali lao la kwanza ni lile lile la shamba na mpaka.

Yule mzee wa Rurambo tulimchorea mavumbini kadiri tulivyojua. Akatazama, akachukua fimbo yake, akasahihisha mahali pa kijito kimoja. Tulimshukuru, tukaandika.