Spika Aktivu au Pasivu? Kwanza Niambie Nani Ataitengeneza

Wasee wengi mnaniuliza swali moja: nikitaka kupaza sauti ya gitaa ama nyatiti, ninunue spika aktivu au pasivu? Mnataka nitaje moja tuishie hapo. Mwaka jana ningetaja bila kufikiria. Sahii lazima niwaambie kwanza kuhusu matanga ya babu.

Kwa wale hawajui: spika aktivu ina amplifaya yake ndani. Unachomeka stima, unachomeka maiki, kazi imeanza. Pasivu ni boksi la spika tu. Amplifaya inakaa kando, halafu unavuta waya kutoka huko mpaka kwa boksi.

Mimi nilinunua aktivu. Niliweka akiba miezi saba, na siku niliyoibeba kwa boda kutoka mjini nilijiona mtu. Binamu yangu anapiga nyatiti, na wikendi kadhaa tulienda Dunga kupigia watu waliokuja kula samaki. Soketi moja, spika moja, dakika tano tuko tayari. Nilikuwa nawacheka wasee wa ohangla wakishusha maboksi na manyaya kama watu wanaohama nyumba.

Kisha babu akafariki. Nikaahidi familia nzima kwamba mambo ya sauti niachiwe mimi. Kule Asembo, jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuja kutukopesha spika zake mbili za mbao, pasivu za kitambo. Nikamwambia, "Asante mzee, lakini hizo zimepitwa." Akatabasamu tu.

Stima ilikuwa ya jenereta. Jenereta hiyo hiyo iliwasha taa za hema, friji ya soda na kuchaji simu za kila mtu. Friji ikianza kunguruma taa zinafifia. Ikinyamaza taa zinang'aa kupita kiasi. Niliyaona hayo yote na sikujiuliza spika yangu inapitia nini. Saa saba usiku, jathum akiwa katikati ya kumsifu babu, oduong'o ya kidole chake cha mguu ikigonga nyatiti, spika ikatoa harufu ya plastiki ikiungua. Kimya. Shangazi akauliza kwa sauti, "Nani alileta hiyo kitu?"

Mzee wa kanisa akatuma vijana na mkokoteni. Amplifaya yake akaipitisha kwa stabilaiza, akavuta waya hadi kwa maboksi, na jathum akaendelea mpaka asubuhi.

Kusema ukweli, stabilaiza ingeokoa yangu pia. Hilo kosa lilikuwa langu, si la aktivu. Tofauti yenyewe niliiona Jumatatu, nikiwa kwa fundi Kondele. Aliifungua, akanionyesha: sehemu ya stima na amplifaya ziko kwa bodi moja, na bodi yote imeungua. Ya kubadilisha hana, na popote alipopiga simu, hakuna. "Spika yenyewe ni nzima," akaniambia, "lakini haina wa kuisukuma." Yule mzee naye alikuwa ameniambia hiyo ni amplifaya yake ya tatu. Maboksi ni yale yale.

Hapo ndipo nilielewa. Pasivu inaharibika kipande kwa kipande. Amplifaya ikifa, unaazima ya jirani na matanga yanaendelea. Aktivu ikifa usiku, umebaki na kiti cha plastiki cha bei ghali.

Lakini msikimbie kununua pasivu mkidhani mmepona. Ni mizigo. Waya mwembamba ukiwa mrefu unakula nguvu njiani. Boksi mbili za omu 8 ukiziunga sambamba zinakuwa omu 4, na kama amplifaya yako haiwezi omu 4, itachemka. Na amplifaya ndogo ukiilazimisha kupiga kelele inakata mawimbi, halafu inaunguza spika ndogo ya sauti za juu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Unapiga peke yako, mjini, soketi iko ukutani? Chukua aktivu, ni rahisi na imelinganishwa na amplifaya yake tayari. Unaenda matanga na harusi za mashambani kwa jenereta? Chukua pasivu, na amplifaya ambayo fundi wa mtaani kwako ameshawahi kufungua. Zote mbili, nunua stabilaiza kabla ya kununua maringo.

Na ile spika yangu? Fundi alitoa bodi iliyoungua, akaweka krosova na mahali pa kuchomeka waya, nikatafuta amplifaya kuukuu. Sasa aktivu yangu ni pasivu. Desemba tumeitwa Bondo. Nitaipakia pamoja na waya zangu zote, na wasee wa ohangla wakinicheka nikishusha, ni haki yao.