Morogoro: Mji wa Vyuo Chini ya Mlima

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, huuona mlima kabla ya kuuona mji. Upande wa kushoto Uluguru hujitokeza kwanza kama wingu zito lililolala juu ya nyika. Kisha wingu hilo hupata migongo na mabonde, na mwishowe misitu myeusi kileleni. Ndivyo tulivyoufikia mji, mimi na mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, asubuhi moja ya Alhamisi katika majira ya kipupwe.

Safari hiyo haikuwa ya matembezi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia, na matokeo yake yalimruhusu kubisha hodi kwenye milango zaidi ya mmoja. Yeye alitaka kusomea misitu. Mama yake, aliyemsomesha kwa biashara ya vitumbua pale Manzese tangu mtoto akiwa darasa la pili, alitaka asomee mambo ya utumishi, apate kazi ya mezani.

“Sikukaa mbele ya moto miaka yote hii ili mwanangu akashike panga porini,” dada aliniambia. “Wewe ndiye mjomba wake, nawe umesoma. Mpeleke Morogoro akavione vyuo vyote viwili, kisha unirudishie mtu mwenye akili.”

Nami nilimwahidi kwamba nitafanya hivyo.

KILA CHUO KINA ASILI YAKE

Ndugu msomaji, kama una mtoto anayetafuta chuo, Morogoro ni mji wa kumpeleka hata kama mwishowe atasoma kwingine. Katika mwendo wa daladala chache tu utaona karibu kila aina ya elimu ya juu iliyopo nchini: vyuo vikuu vya serikali na vya mashirika ya dini, chuo cha ualimu, chuo cha mifugo na vyuo vya ufundi. Vyote vimeuegemea mlima mmoja.

Tulianzia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilicho kilomita zipatazo tatu kutoka katikati ya mji, mahali ambapo tambarare inakoma na mlima unaanza. Chuo hicho kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Mwaka 1970 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili ya mwaka huohuo huko Dakawa, si mbali na hapo.

Nilimweleza binti habari hizi makusudi. Kijana anayechagua chuo aghalabu hutazama jina na majengo, na kusikiliza sifa za rafiki zake. Yafaa aulize kwanza: chuo hiki kilijengwa ili kitende kazi gani? Chuo kilichoanza kwa kuwafundisha mabwana shamba hakiachi asili yake hata kikiongeza masomo mengine mengi. Mashamba yake, mifugo yake, maabara zake na walimu wake wakongwe vyote huelekea huko.

Swali la pili ni la mafunzo ya vitendo: hufanyika wapi, na kwa muda gani? Tulimuuliza kijana mmoja wa mwaka wa tatu tuliyemkuta akirudi shambani na mabuti yamejaa udongo. Alimweleza binti kwamba mwanafunzi wa misitu asitegemee kumaliza miaka yake yote kivulini Morogoro, kwa maana chuo kina msitu wake wa mafunzo Olmotonyi, mkoani Arusha, na msitu mwingine wa asili Mazumbai, katika milima ya Usambara.

“Kuna baridi, na kuna kutembea sana,” alisema. “Asiyependa kutembea asije.”

Nilimtazama binti nikitaraji kuona uso umeingia hofu. Alikuwa anaandika.

Mzazi na azingatie jambo hili. Maneno ya mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu yana faida kuliko ya mwanafunzi mgeni ambaye bado anafurahia kila kitu, na kuliko ya karatasi za matangazo ambazo hazikosi hata siku moja.

MZUMBE

Mchana tulishika njia ya Iringa. Barabara inapita kando ya bwawa la Mindu, linaloupatia mji maji, na baada ya kilomita ishirini na ushei unaachana na barabara kuu na kuingia Mzumbe, chini ya milima ileile.

Hapa pia asili inasema. Mwaka 1953, wakati wa ukoloni, palianzishwa shule ya kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972, Taifa huru likihitaji mameneja na waendeshaji wake lenyewe, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Wahasibu, maofisa utumishi na wakurugenzi wengi wa nchi hii wamepitia chini ya miti ile. Mahali penyewe ni patulivu, mbali na kelele za mjini, na mtu aliyekuja kusoma hakosi nafasi ya kusoma.

Kwa ahadi niliyompa dada, hapa ndipo nilipopaswa kusema kwa nguvu. Nikasema. Nilisifu mpangilio wa chuo, nikasifu kazi ya utumishi, ambayo kwa kweli ni kazi ya heshima, kwani hakuna shamba wala hospitali inayokwenda bila watu kupangwa vema. Binti alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Ni pazuri, mjomba,” alisema. Hakuandika kitu.

WALE WENYE POINTI PUNGUFU

Tukirudi mjini jioni, ndani ya daladala alikaa jirani yetu kijana mmoja ambaye matokeo hayakumtosha kuingia chuo kikuu. Alikuwa ametoka kuulizia nafasi ya stashahada, na aliongea kama mtu anayeomba radhi. Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nina stashahada, nayo imenilisha na kunijengea nyumba.

Shahada si mlango pekee. Morogoro kuna Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, kuna chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, na kuna chuo kinachowaandaa walimu wa ufundi wenyewe. Mtu aweza kuanza na astashahada, akapanda stashahada, na akifaulu vizuri akaingia chuo kikuu akiwa tayari ana kazi mkononi. La msingi ni kuhakikisha chuo kinatambuliwa: vyuo vikuu kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na vyuo vya kati na vya ufundi kwa NACTVET. Chuo kisichotambuliwa, hata kiwe na rangi nzuri namna gani, ni hasara ya ada na ya umri.

Na fedha zihesabiwe mapema. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, nao huombwa kwa nyaraka. Cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa RITA kimewachelewesha wengi. Mkopo ni deni, si zawadi: tangu mwaka 2016 anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Tena kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, ni lazima athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Nafasi isiyothibitishwa hupewa mwingine.

MAKABURI YA MAZIMBU

Ijumaa asubuhi tulikwenda Mazimbu, ambako leo kipo kitengo cha Chuo Kikuu cha Sokoine kinachofundisha masomo ya sayansi. Zamani palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu ililitoa eneo hilo kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ili vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 wapate pa kusoma. Shule ilianza mwaka 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1992, uhuru wa Afrika Kusini ukikaribia, majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania.

Makaburi yapo. Ni ya watu waliofia hapo bila kuiona tena nchi yao. Binti alisimama kitambo mbele yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Walikuwa wanasoma bila kujua kama watarudi kwao?”

Nilimjibu kwamba ndivyo, na kwamba hata hivyo walihudhuria darasani na kufanya mitihani yao.

Kwa kijana anayeanza chuo, wiki za kwanza ni ngumu kuliko zote. Hakuna kengele ya kumwamsha, hakuna mwalimu wa zamu, na fedha ya mkopo ikiingia huonekana nyingi kwa siku tatu. Afike siku ya usajili ilipopangwa, akiwa na vyeti vyake halisi. Akilipa chumba nje ya chuo, akione kwanza kwa macho yake na apewe stakabadhi. Fedha aigawe kwa miezi kabla ya kununua chochote. Aijue njia ya maktaba kabla ya kuijua ya sokoni. Na akizidiwa, aseme kwa mlezi wa wanafunzi na kwa wa nyumbani. Upweke wa mwezi wa kwanza umewarudisha nyumbani vijana wenye akili nyingi, na wengi walirudi kwa sababu tu hawakusema.

MAKORONGO MAWILI

Jumamosi tulipanda mlima kuelekea Morningside, ile nyumba ya zamani ya wakati wa Wajerumani. Njia inapanda kwa zamu kati ya migomba na mashamba ya mboga yaliyokatwa kwenye mteremko mkali hata unashangaa mkulima anasimamaje. Akina mama wa Kiluguru walikuwa wanashuka na vikapu kichwani kuwahi soko.

Tulipopumzika, binti alinionyesha makorongo mawili yaliyotelemka sambamba. “Mjomba, mbona hili lina maji na lile ni kavu?”

Sikujua. Bibi mmoja aliyekuwa ametua mzigo wake karibu nasi ndiye aliyejibu, baada ya kuitikia shikamoo zetu. “Tazama juu yake,” alisema. “Hili limetoka msituni. Lile limetoka kwenye mashamba. Nilipokuwa mwali, yote mawili yalikuwa na maji.”

Kisha akauliza sisi ni nani, na aliposikia kwamba mimi ni mjomba, alicheka. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito mkubwa. “Basi angalia usemacho,” aliniambia. “Mjomba akikosea, ukoo mzima umekosea.”

Maneno yale yalinichoma kuliko alivyojua. Bibi alipokwenda zake nilimweleza binti jambo ambalo sikuwahi kulieleza nyumbani kwa ukamilifu. Nilipokuwa na umri wake niliingia chuo kimoja kwa sababu rafiki zangu wawili walikuwa wanakwenda huko, na kwa sababu jina la kozi lilimpendeza baba. Baba aliuza ng'ombe wawili. Mwaka mmoja baadaye nilifeli na kutoka. Nyumbani nilisema nimeumwa. Uandishi, ambao niliutaka tangu shuleni, niliufikia kwa kuchelewa na kwa aibu. Ng'ombe wale sijawahi kuwarudisha, na baba hayupo tena.

Binti hakusema kitu. Alikuwa anatazama chini, ambako mji ulionekana kama changarawe zilizomwagwa.

MAJI YA MANZESE

Jumapili jioni nilifika kwa dada. Alikuwa anaandaa unga wa kesho. Nilimwambia kwamba nimemrudisha mwanawe akiwa na akili, ila ni akili yake mwenyewe. Alikasirika, nami nilistahili, kwa kuwa ahadi ni deni.

Nikamuuliza maji yale anayotilia unga yanatoka wapi. Akasema bombani. Nikamweleza kwamba maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni ya mto Ruvu, na Ruvu unazaliwa katika milima ya Uluguru. Nikamweleza habari za makorongo mawili, na kwamba watu wanaosomea misitu husomea, pamoja na mengine, jinsi ya kulifanya korongo la kwanza lisiwe kama la pili. Sikumwahidi kwamba ajira ni ya uhakika. Hakuna kozi ya namna hiyo siku hizi, hata ya mezani. Nilimwambia tu kwamba mtoto ameona yote mawili kwa miguu yake, na ameuliza maswali ambayo mimi mjomba wake nilishindwa kuyajibu.

Dada aliendelea kukoroga unga kwa muda mrefu. Kisha akafunika sufuria, akajifuta mikono kwenye khanga.

“Hao wanaopelekwa Arusha kwenye mafunzo,” aliuliza, “hupewa blanketi, au mtu huenda na lake?”

Mzazi akifika kwenye swali la blanketi, mshauri na anyamaze. Nilimwambia ni heri aende na lake.