Nani Aliwazika Watoto wa Ayubu?

Sisi wachungaji tulioingia kazini miaka ya sabini hatukuwa wasomaji wakubwa, na tusijipambe leo kwa sababu tumestaafu. Tulikuwa na Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, kitabu cha nyimbo, na vitabu vichache vya ufafanuzi vilivyoachwa na wamisionari. Hivyo vya mwisho tulivikariri mno. Mwenzako akihubiri Mwana Mpotevu, ulijua yuko ukurasa gani.

Kazi kubwa ilifanywa na masikio. Jioni tulitega Sauti ya Injili, redio ya Walutheri iliyokuwa ikirushwa kutoka Addis Ababa tangu 1963, vipindi vyake vya Kiswahili vikitengenezwa Moshi. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitwaa stesheni.

Lakini shule yetu hasa ilikuwa ibada za majumbani. Hapa Gongo la Mboto, kabla nyumba hazijabanana namna hii, mlikaa mkekani, Biblia moja na kibatari kimoja, na wengine hawajui kusoma. Anayesoma hakuwa na uhuru wa kwenda mbio. "Rudia hapo." "Nani kasema hivyo?" Mstari mmoja uliweza kula jioni nzima, chai ikapoa.

Jioni moja tulikuwa na Ayubu. Nimefika mlango wa pili, marafiki ndio kwanza wanakuja kumliwaza, mama mmoja akanyoosha mkono. "Baba Mchungaji, ngoja kwanza. Wale watoto kumi, nani aliwazika?"

Nikarudi nyuma kutafuta. Upepo unaiangusha nyumba, mjumbe anakuja mbio, Ayubu anararua joho lake. Mwisho wa kitabu anapewa watoto wengine kumi. Matanga ya wale wa kwanza hayamo. Vitabu vyangu vya ufafanuzi vilikuwa na mengi juu ya Shetani na subira. Juu ya makaburi, hakuna kitu. Aliyeuliza alikuwa amezika wawili.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi hapa kwetu, watu walikimbia kwa miguu hadi mjini, maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru, wazazi wakipotezana na watoto. Zaidi ya watu 20 walikufa. Jumapili iliyofuata nilihubiri swali la yule mama. Jibu sikuwa nalo, na hakuna aliyenidai.

Mchungaji kijana wa usharika wetu ananizidi kwa kusoma, na namwonea wivu mchana kweupe. Simu yake ina tafsiri za Biblia nisizozijua na Kigiriki chake juu. Akipanda daladala ya Posta anaweka spika masikioni, anasikiliza mahubiri ya Lagos, tena kwa kasi maradufu. Pembeni yake amekaa mtu anayetoka kumlaza mwanawe hospitali ya Amana, anasimulia kwa konda. Mhubiri wa Lagos hawezi kuambiwa "rudia hapo", na wa pembeni hasikiki.

Nimemwomba aturudishie maswali kwenye kipindi cha Biblia cha Jumatano. Amekubali, kijana ana adabu, ila ameshauri kila mwenye swali aliandike mapema alitume kwenye kundi la WhatsApp, ili apate muda wa kujiandaa. Nikamwambia yule mama hakujua kuandika.