Isongole Ipi?

Kazi yangu ni kumbukumbu za visima. Shirika letu linahudumia pampu za mkono katika mikoa ya Mbeya na Songwe, na fundi akitoka kijijini anarudi na taarifa: pampu inatoa maji au haitoi, mpira wa pistoni umelika, mpini umelegea. Kwa miaka mingi taarifa hizo ziliingia kwenye majedwali ya Excel, kila ofisi na lake, na jina la kata likaandikwa upya kila pampu ilipotajwa. Tumeachana na utaratibu huo. Nashuhudia hapa jinsi tulivyoachana nao, kwa kuwa kuachana huko kumebadilisha namna ninavyoipokea taarifa yoyote inayoletwa mezani kwangu.

Kilichotubana ni kuzaliwa kwa Mkoa wa Songwe. Mwaka 2016 wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilimegwa kutoka Mbeya, makao makuu ya mkoa mpya yakawa Vwawa. Kwetu sisi neno "Mbeya" lilikuwa limeshaandikwa mstari kwa mstari, faili kwa faili. Ofisi moja ilibadilisha yote, nyingine ikabadilisha ya mwaka ule tu, nyingine haikugusa kitu. Mfadhili akiuliza Songwe ina pampu ngapi zinazotoa maji, kila faili lilitoa jibu lake, na kila aliyelitunza aliamini jibu lake ndilo sahihi. Nilikuwa nikiandika ripoti huku moyo ukisita.

Shirika lilipohamia SharePoint, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu, wengi tuliichukulia kama kabati la mafaili. Kumbe ndani yake mna orodha, na orodha moja huweza kufungamanishwa na nyingine kwa safu ya rejea. Safu hiyo haihifadhi jina. Inahifadhi namba ya mstari ulioko kwenye orodha nyingine, kisha inakuonyesha jina lililoandikwa huko. Kwa hiyo kwenye orodha ya Visima, mahali pa kata hapaandikwi "Isongole". Pana namba inayoelekeza kwenye mstari wake katika orodha ya Kata, na mstari huo ndio unaobeba wilaya na mkoa. Ukisahihisha mkoa pale, visima vyote vya kata hiyo vimesahihishwa. Wazo lenyewe si geni: Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, alilichapisha mwaka 1970, na hifadhidata nyingi duniani zinaliegemea hadi leo. Kwangu lilikuwa jipya kabisa, na lilinipa amani ambayo sikuwahi kuipata kwenye kazi hii.

Kuiunda safu kama hiyo kwa kubofya ni kazi ya dakika chache. Lakini tulihitaji mpangilio uleule kwenye tovuti ya majaribio na kwenye tovuti ya kila ofisi, na hapo mkono wa mtu hautoshi. Isitoshe, kila orodha inapozaliwa hupewa kitambulisho chake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na mwingine. Orodha ya Kata kwenye tovuti ya majaribio ina kitambulisho kimoja, ile ya tovuti halisi ina kingine. Ukinakili maelezo ya safu kama yalivyo, yatamtafuta mzazi (yaani orodha inayorejelewa) asiyekuwepo, na safu itabaki tupu.

Ndiyo maana nilijifunza kuandika skripti za PowerShell, yaani maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe. Skripti yangu inaanza na orodha ya Kata, kwa sababu mzazi lazima awepo kwanza. Ikishaiunda, inaiuliza: kitambulisho chako ni kipi? Jibu hilo inalipachika kwenye maelezo ya safu itakayowekwa kwenye Visima, pamoja na jina la safu ya kuonyeshwa. Baada ya Visima inakuja orodha ya Ukaguzi, ambayo nayo inarejelea Visima kwa njia hiyohiyo. Tovuti mpya ikifunguliwa naiendesha skripti ileile, na mpangilio unatoka vilevile.

Anayeandika kwa Kiswahili aangalie majina ya ndani ya safu. Ukiiita safu "Jina la Kata" tangu mwanzo, kila nafasi kati ya maneno huweza kugeuzwa kuwa _x0020_, na jina hilo la ndani halibadiliki tena hata ukilibadilisha lile la kuonekana. Mimi naiunda kwa jina fupi lililoshikana, JinaKata, halafu naipa jina la kuonekana lenye nafasi.

Kinachonigusa zaidi ni ulinzi. Safu ya rejea ikiwekewa faharasa, unaweza kuiamuru izuie ufutaji: mtu akijaribu kufuta kata yenye visima, programu inakataa. Ipo amri nyingine, ya kufuta mzazi pamoja na watoto wake wote. Hiyo siipendi kwenye kumbukumbu za maji. Kisima kilichokauka bado ni habari, na watu waliokuwa wakichota pale bado wapo.

Ulipofika wakati wa kuhamisha kumbukumbu za zamani, kompyuta ilifikia mwisho wa uwezo wake. Safu ya rejea inapokea namba, haipokei jina, kwa hiyo skripti ilisoma kwanza kata zote na namba zake, ikapita mstari kwa mstari ikilinganisha, na majina iliyoshindwa kuyaoanisha ikayaweka kando. Niliyachapa nikampelekea fundi wetu mkongwe, mzee aliyezunguka wilaya hizi tangu pampu za Afridev zilipokuwa mpya kwetu. Nilimwamkia, nikamsomea la kwanza: Isongole.

"Isongole ipi, mwanangu? Ya Ileje au ya Rungwe?"

Kata zenye jina hilo ni mbili. Leo moja iko Songwe na nyingine iko Mbeya, lakini kabla ya 2016 zote zilikuwa Mbeya, na mistari mingi ya zamani ilikuwa na jina na mkoa tu. Mzee aliomba kuona aliyesaini taarifa. "Huyu hakuwahi kuvuka kwenda Rungwe. Hiyo ni ya Ileje." Tukaendelea hivyo hadi jioni: huyu alikuwa na pikipiki ya ofisi ya Tukuyu, huko Rungwe, yule aliandika jina la kitongoji mahali pa kata. Tangu siku ile siulinganishi tena mstari kwa jina peke yake. Skripti inadai jina pamoja na wilaya, na penye shaka inasimama na kusubiri mtu.

Mipaka ipo. Kwenye SharePoint ya mtandaoni, mwonekano mmoja wa orodha haubebi zaidi ya safu 12 za rejea, na safu za majina ya watu zinahesabiwa humohumo. Orodha ikivuka mistari 5,000, ukaichuja kwa safu isiyo na faharasa, inagoma. Haya yanapangwa mapema, yakipangwa yanavumilika.

Gumu zaidi ni mafundi wa vijiji. Fundi mmoja ana pampu kadhaa, na pampu moja ina mafundi kadhaa. Programu inaruhusu safu moja ya rejea ibebe majina mengi, lakini ikifanya hivyo haiwezi tena kuzuia ufutaji, na ulinzi huo sitaki kuupoteza. Tumeunda orodha ya tatu inayokaa katikati: kila mstari una fundi mmoja, pampu moja, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Fundi akihamia Tunduma kutafuta maisha, tunajaza tarehe ya kumaliza bila kuufuta mstari, na pampu aliyoitengeneza mwaka juzi inabaki na jina lake.