Kaka Kaacha Kanisa, Nifanyeje?

Jamani, usiombe yakukute! Mtu mliyekua naye anakwambia hivihivi, "Dada, mambo ya kanisa mimi basi." Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kusali. Siku hizi Jumapili yuko kijiweni na washikaji, Biblia yake inakula vumbi.

Shangazi anasema karogwa. Wapi! Mtu mzima yule, kaamua mwenyewe. Kinachonitesa ni swali moja: kama mwalimu wangu kaondoka, mimi nabaki na nini?

Nikapekua Biblia. Kumbe hata Mtume Paulo yalimkuta! Soma 2 Timotheo 4: Dema, aliyefanya naye kazi, alimkimbia kwa kuipenda dunia, naye yuko kifungoni. Mbona Paulo hakutetereka? Alisema Bwana alisimama naye.

Halafu kuna Mtakatifu Monika, mama wa Afrika Kaskazini, ilipo Algeria ya leo. Mwanawe Augustino alifuata mafundisho ya Mani kama miaka 9. Mama akalia, akasali, akamfuata mpaka Italia. Mwaka 387 kijana akabatizwa Milan. Mwaka huohuo mama akafariki, roho yake kwatu.

Ila tusidanganyane, msomaji wangu. Augustino alirudi, Dema hatuambiwi. Kwa hiyo faraja yangu siitundiki kwenye kurudi kwa kaka. Naitundika kwa Mungu, anayempenda kaka kuliko ninavyompenda mimi.

Nawe kama yamekukuta, usimnunie ndugu yako. Mpakulie chakula, piga naye stori, halafu usiku mtaje kwa jina ukipiga magoti.