Olympic: Mwisho wa Namba 8

Iwapo hujawahi kufika Olympic, mtaa ulio ukingoni mwa Kibera jijini Nairobi, safari yenyewe si ngumu. Panda matatu namba 8 katikati ya jiji, ufuate Barabara ya Ngong, kisha upite Soko la Toi na Makina. Utajua umefika makanga atakapopiga ubavu wa gari na kutangaza kwamba ni mwisho. Ukishuka utakuta mandazi yakikaangwa kando ya barabara, nguo za mitumba zimetandazwa, na vijana wa bodaboda wakikuzingira kabla hujakanyaga chini vizuri. Shule ya Msingi ya Olympic iko hapo hapo. Ndiyo iliyofurika watoto Januari 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure.

Sasa, ndugu msomaji, jaribu jambo moja. Mwambie makanga kwamba unataka kwenda Kawangware. Mtaa huo uko ng'ambo tu ya Barabara ya Ngong, na vituo vyake huitwa kwa namba za mabasi, 46 na 56. Hata hivyo huenda akakuelekeza kwa bodaboda, au akakushauri urudi hadi barabara kuu ubadilishe gari na kulipa nauli mara ya pili.

Si wewe peke yako. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu, zaidi ya 130. Ukiitazama utadhani ni gurudumu la baiskeli. Karibu kila njia inakimbilia katikati ya jiji, na ni chache zinazounganisha mtaa na jirani yake. Mama anayetaka kumtembelea dada yake mtaa wa pili hana lake katika ramani hiyo.

Mambo hayakufika hapa kwa siku moja. Kampuni ya Kenya Bus ilianza kazi Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilipewa robo ya hisa, nayo kampuni ikaachiwa soko peke yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach kutoka Scotland iliinunua Kenya Bus, na mwaka 1998 ikaiuza na kwenda zake. Tangu hapo gari huenda palipo na pesa. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na mfanyakazi wa Industrial Area asiye na nauli hurudi Kibera kwa miguu akiandama reli.

Huku nyumbani tukiteta hivyo, Ujerumani nayo inalia kwamba madereva wake wa mabasi wanazeeka na kustaafu. Mwaka 2024 madereva wachache kutoka Kenya walipokewa Flensburg, mji ulio kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Denmark, kwa mpango wa majaribio. Septemba 13 mwaka huo Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mkataba wa ajira ukitiwa saini mjini Berlin. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini tazama tarehe hizo kwa makini. Septemba 1, siku 12 tu kabla ya mkataba, chama cha AfD cha mrengo mkali wa kulia kilikuwa kimeongoza uchaguzi wa jimbo la Thuringia kwa asilimia 32.8 ya kura. Siku tatu baada ya mkataba, Ujerumani ilianza kukagua wasafiri kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Februari 2025 chama hicho kilipata asilimia 20.8 nchi nzima na kushika nafasi ya pili. Mkono mmoja unamwita dereva, mwingine unafunga mlango.

AfD ina nguvu zaidi mashariki, ambako vijana wengi walihamia magharibi baada ya nchi kuungana mwaka 1990. Vijiji vilibaki na wazee, shule zikafungwa na mabasi yakapungua. Si kila aliyekipigia kura chama hicho alikuwa akiwazia basi. Hata hivyo, mzee anayengoja kituoni husikiliza upesi anapoambiwa kwamba mgeni ndiye aliyemla chake.

Usicheke, msomaji. Wimbo huo tunaujua. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, vijana wa Kawangware waligawanyika kwa makabila, na nyumba na vibanda vikateketezwa. Majirani waliokuwa wakisongamana katika matatu moja asubuhi waliambiana jioni kwamba hapa si kwao. Moto ulipozimika, barabara zilikuwa zile zile na nauli ilikuwa ile ile. Hakuna aliyepata hata kituo kimoja zaidi.

Ukweli ni kwamba basi la Olympic halikuchukuliwa na mgeni. Halikuletwa na yule aliyepaswa kulileta, na huyo ana ofisi. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ipo, na mamlaka ya usafiri wa jiji na viunga vyake, NaMATA, iliundwa mwaka 2017. Diwani naye huja kuomba kura. Akija tena na kuanza kukuhesabia makabila, mkatize kwa adabu. Muulize ni lini gari litatoka Olympic hadi Kawangware bila kupitia mjini, na kwa nauli gani.